Kamati ya Mazishi ya Chudel

Mzimu wa pekee niliyewahi kumuundia kamati ya mazishi alikuwa mwanamke ambaye nyayo zake zilitazama nyuma. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama anayeuza viatu vya mitumba Bondeni. Mweka hazina alikuwa fundi wa visima vya mvuke kule Olkaria. Mimi nilikuwa katibu. Kabla mzimu hajamaliza kututokea tulikuwa tumeshagawana kazi za kuni, maji na chai, na mtu aliyemtunga mzimu huyo alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, hajui acheke au alie.

Haya yalitokea Jumapili alasiri, jua likiwaka, nyuma ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Nakuru.

Duka ni la mwanamke rafiki yangu. Alilirithi kutoka kwa baba yake, naye babake alilirithi kutoka kwa babu, Mgujarati aliyeanza biashara akiwa na majora machache na cherehani ya kuazima. Leo duka linauza zaidi vitambaa vya sare za shule. Mwenye duka hazijui shule za kaunti hii kwa majina, anazijua kwa rangi. Mzazi akimtajia shule, yeye hujibu, "Ile ya kijani ya chupa," na mkono unakwenda kwenye rafu bila kutazama.

Nilikutana naye nikifuatilia habari ya bei za sare mwezi wa Januari. Juu ya kaunta, karibu na mkasi, kulikuwa na dadu yenye pande nyingi kuliko dadu yoyote niliyowahi kuona. Nikauliza ni ya nini. Habari ya bei za sare iliishia hapo hapo, na mhariri wangu aliipata ikiwa imechelewa siku mbili.

Dadu ilikuwa ya mchezo wa mezani usiokuwa na ubao. Mtu mmoja ni msimulizi. Anaeleza mahali na jambo linalotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini. Penye shaka, dadu inaamua. Mimi huwaelezea watu hivi: ni hadithi ya jioni ambayo wasikilizaji wanaruhusiwa kuivuruga.

Rafiki yangu hakuwa mchezaji tu. Alikuwa anatunga ulimwengu mzima wa mchezo wa kutisha, na hadi leo ulimwengu huo haujachapishwa. Alikuwa ameujenga kwa hadithi za kwao. Kulikuwa na stesheni ndogo ya reli juu kabisa ya Mau, enzi ambapo reli ilikuwa bado mpya. Kulikuwa na waashi kutoka Punjab, wenye maduka kutoka Gujarat, baridi ya kukausha midomo, na ukungu uliokuwa ukishuka saa tisa na kukaa. Pamoja na watu hao kulikuwa na mizimu wa kwao, waliovuka bahari nao bila kukata tiketi. Mkubwa wao alikuwa chudel: mwanamke aliyefariki akijifungua, asifanyiwe ibada za kumuaga, akarudi na nywele ndefu na miguu iliyogeuka.

Kampuni moja ndogo ya kuchapisha michezo ng'ambo, ya watu wawili tu, ilikuwa imesoma kurasa za mwanzo na kuzipenda. Ilitoa sharti moja. Ulimwengu huo uchezwe na meza ya watu wa kawaida, kisha mchezaji mmoja, si mtunzi, aandike ripoti ya ukweli. Meza ikiogopa, kampuni itautoa. Isipoogopa, haitautoa. Rafiki yangu alikuwa ameutunga kwa miaka, usiku na Jumapili, na alikuwa ameiahidi familia kwamba kampuni ikikataa ataweka dadu kando na kwenda Naivasha kusimamia tawi lao la maovaroli na gambuti za wafanyakazi wa mashamba ya maua. Aliniambia hivyo akipima kitambaa, bila kuinua macho.

"Na ukienda Naivasha itakuwa vibaya?" nikamuuliza.

"Haitakuwa vibaya. Nitakuwa mtu anayejua saizi za gambuti."

Basi tukatafuta meza. Mama viatu alikuwa mteja wake wa vitambaa. Fundi wa Olkaria alikuwa mpangaji wa jirani yangu, mwenye kurudi Nakuru kila wikendi akiwa na harufu ya kiberiti kwenye koti na hadithi za kisima kilichonguruma wiki nzima. Hakuna kati yao aliyewahi kucheza mchezo huo. Mama viatu aliuliza swali moja tu: kama kutakuwa na chai.

Chai ilikuwepo, na chevda, vitafunio vikavu vya pilipili, ndani ya sufuria, na dhokla laini za manjano ambazo fundi alizila akiziita keki za mahindi hata baada ya kusahihishwa. Meza yetu ilikuwa ile ya kukatia vitambaa, yenye futi ya shaba iliyopigiliwa misumari ukingoni. Tulikalia majora. Katikati ya meza rafiki yangu aliweka chupa ya vifungo vyeusi vya koti. Kila mara mhusika wako anapoogopa, alieleza, unachukua kifungo. Ukijaa vifungo, mhusika amepotea.

Alifunga madirisha ya mbao. Akashusha sauti.

"Mko mbele ya duka la mwisho kabla ya msitu. Ukungu umeshuka. Mlango uko wazi kidogo. Ndani kuna mtu analia. Mnafanya nini?"

"Tunaenda," akasema fundi.

"Mnaingia?"

"Zii, tunaenda. Tunarudi stesheni."

"Hamtaki kujua ni nani analia?"

"Madam, mtu analia kwa nyumba si yangu, kwa msitu si yangu, ukungu imeshuka. Mimi najua ya kutosha."

Mama viatu alimuunga mkono. "Angekuwa mtoto ningeingia. Huyo sauti ni ya mtu mzima. Atatoka mwenyewe."

Tulirudi stesheni. Msimulizi akatutoa stesheni kwa moto. Tukakaa nje ya moto, mbali na duka. Akaleta mvua. Tukajikinga chini ya behewa. Nilimtazama rafiki yangu akihangaika kama mchungaji mwenye mbuzi watatu wasiotaka zizi, na nikatambua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia: hadithi ya kutisha inahitaji mtu wa kuingia ndani, na mezani kwake hakukuwa na mtu wa namna hiyo.

Hatimaye akamleta mzimu kwetu.

"Anatoka kwenye ukungu. Sari nyeupe. Nywele mpaka magotini. Anakuja polepole. Mnatazama chini. Miguu yake imegeuka. Visigino viko mbele."

Niliona mkono wake ukisogea kuelekea chupa ya vifungo, tayari kutugawia. Mama viatu aliinama juu ya meza, uso wake ukiwa wa mtu aliye kazini.

"Anavaa namba ngapi?"

"Nini?"

"Viatu. Namba ngapi? Kwa sababu hiyo si shida, msichana wangu. Raba ya kamba unamvalisha tu vile mguu iko. Niko na moja Bondeni ilirudishwa juzi."

Fundi alianguka kutoka kwenye jora la kijani ya chupa. Simaanishi kwamba alicheka sana. Alianguka kabisa, na jora likamfuata.

Alipoinuka, mama viatu alikuwa bado hajamaliza na mzimu. "Mama," alimwambia rafiki yangu, akimtazama machoni, "watu wako wako wapi?"

"Sina," akajibu rafiki yangu kwa sauti ya mzimu.

"Ulizikwa na nani?"

"Hakuna."

"Ehe!" Mama viatu aligonga meza. "Si mnaona? Huyu hana ubaya, hana kamati. Wewe wa mvuke, utashika hazina. Wewe mwandishi ni katibu, andika. Mimi nitakaa kiti. Atazikwa wapi?"

"Hazikwi," akasema rafiki yangu kwa sauti yake ya kawaida, maana alikuwa amesahau kuwa mzimu. "Kwetu ni kuchoma."

"Basi ni kuni. Nani analeta kuni?"

Ndipo alipojishika kichwa. Tuliendelea bila yeye. Fundi alitaka kujua kuni za Mau zikiwa mbichi hivyo zitawaka vipi, na akajitolea mafuta ya taa ya stesheni. Mama viatu akateua mtu wa maji na mtu wa kupokea wageni. Mzimu mwenyewe aliulizwa kama angependa kusema neno. Chupa ya vifungo ilibaki imejaa mpaka shingoni.

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani, kisha nikakaa mbele ya kompyuta na kukumbuka kwamba mwandishi wa ripoti ni mimi. Nilimpigia rafiki yangu simu.

"Andika vile ilikuwa," akasema.

"Hata ya raba?"

"Hata ya raba. Wakigundua tumewadanganya itakuwa mbaya zaidi."

Niliandika vile ilivyokuwa. Jibu la kampuni lilikuja upesi na lilikuwa la heshima. Walikuwa wamecheka. Walitaka kujua hofu iko wapi. Wangesubiri ripoti moja zaidi, kisha wangefunga orodha yao ya mwaka.

Jumapili iliyofuata tulialikwa chakula cha mchana ghorofani, juu ya duka, anakoishi nyanya ya rafiki yangu. Sote tulimwita Ba, kama anavyomwita mjukuu wake. Ba alizaliwa kwenye duka la barabarani upande wa Molo, na Kiswahili chake ni cha kule juu, cha kaunta na cha wakulima. Alikuwa akiambua minji kwenye sinia. Mjukuu alimsimulia kisa cha kamati kwa uso wa msiba. Alipofika kwenye raba, Ba aliacha minji. Alipofika kwenye mafuta ya taa, Ba alikuwa analia kwa kicheko, akijifuta kwa ncha ya sari, akimwonyesha mama viatu kidole bila kuweza kusema.

"Wewe!" hatimaye akasema. "Wewe ungekuja zamani! Sisi tulikuwa tunakimbia bure."

"Ba, si jambo la kucheka," mjukuu akasema. "Wanataka woga."

"Woga gani? Ya miguu?" Ba akarudi kwenye minji. "Miguu ni ya kutisha watoto wasitoke inje jioni. Mimi nilijua hiyo nikiwa mdogo kama hii. Mama yangu alikuwa haogopi miguu."

"Alikuwa anaogopa nini?"

Ba aliambua ganda moja, la pili. "Duka yetu ilikuwa peke yake. Jirani, mbali. Ukiwa na mimba pale, mvua inyeshe, barabara iishe, unafikiria kitu moja. Nikikufa hapa, nani atajua? Nani atakuja? Hiyo ndiyo chudel. Si vile anakuja kwa watu. Ni vile watu hawakuja kwa yeye."

Fundi alikuwa na rotli, ile chapati nyembamba, mkononi na hakuitia mdomoni. Mama viatu alitikisa kichwa kidogo kidogo, kama anavyofanya kanisani. Rafiki yangu aliinuka mezani, akashuka ngazi bila kusema anakwenda wapi, na baada ya muda tukasikia chini mashine ya kukatia vitambaa ikiwashwa na kuzimwa, ikiwashwa na kuzimwa. Ba akasema tumwache, ndivyo anavyofikiri.

Alichofanya ni kwamba aliacha kushindana na kamati. Aliichukua akaiweka katikati ya mchezo. Katika sheria mpya hakuna mtu anayelazimishwa kuingia popote. Kamati inakaa mahali penye mwanga, karibu na moto, na kazi yake ni kumuaga marehemu kabla ukungu haujafika mlangoni. Kila kikao kinaanza kwa katibu kuita mahudhurio. Kabla ya hapo kila mchezaji anavuta kifungo ndani ya mfuko, kwa siri. Aliyevuta cheupe, mhusika wake hakufika. Mchezaji mwenyewe anabaki mezani, lakini haruhusiwi kusema neno wala kufanya ishara, mpaka wenzake waamue kwenda kumtafuta. Na kila wakienda kumtafuta, ukungu unasogea hatua moja.

"Hiyo tu?" fundi akauliza. Alikuwa ameshajaza kiganja chevda. "Boss, mimi nashinda mahali ardhi inanguruma. Kifungo nyeupe?"

Siku hiyo ya majaribio mvua ilikuwa inapiga mabati ya uani, madirisha yalikuwa wazi na hakuna aliyeshusha sauti. Kikao cha kwanza tulifika wote. Tulipanga kuni, tukataniana. Mama viatu aliuliza kama kuna chai ndani ya mchezo, akaambiwa ipo. Kikao cha pili nilisimama kuita mahudhurio, si kwa majina bali kwa kazi za wahusika.

"Mwenye hoteli?"

"Yupo," akasema mama viatu.

"Mwashi?"

Mwashi alikuwa fundi. Hakujibu. Nilidhani anatafuna.

"Mwashi?"

Alikuwa anatutazama, mdomo umefungwa.

"Atakuja," akasema mama viatu. "Wanaume huchelewa. Tuendelee, ukungu uko karibu."

Tukaendelea. Kazi yake ya kuni tukampa mtu mwingine, maana lazima kuni zije. Mama viatu akasema kwamba kwa kweli mwashi hakuwa mtu wa kuaminika tangu mwanzo, nami kama katibu nikasema hilo lisiandikwe, tukacheka. Tulijadili chai. Tulijadili nani atalala kwenye kitanda chake kwa kuwa leo hakitumiki. Kila tulipomaliza ajenda moja, msimulizi alisogeza kifungo kimoja cheusi taratibu hadi mbele ya fundi, bila kusema kitu. Mara moja tu aliinama, akamwambia kwa sauti ya mzimu, kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni, "Kaa tu. Mwanzoni hata mimi nilidhani wanakuja."

Nilimwona fundi akishika ukingo wa meza, pale penye futi ya shaba. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa mama viatu, yakarudi. Mtu anayelala jirani na visima vya mvuke alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

Mama viatu ndiye aliyevunja kikao. Alikuwa katikati ya kuteua mtu wa maji, akamtazama usoni, akasimama na jora likaanguka nyuma yake.

"La! Simamisha hii kitu. Tunamtafuta. Tunamtafuta sasa hivi. Ukungu ikuje!"

"Mlinisahau!" Fundi alipiga kelele mpaka Ba akagonga sakafu kule juu. "Mlinigawa! Mpaka kitanda!"

"Hatukukusahau," nikamwambia. "Tulikuwa na ajenda."

"Ajenda! Mwandishi, mimi nilikuwa hapa! Nawaona! Mathe anakula dhokla yangu!"

"Ulikuwa huongei."

"Nilikuwa nimekufa!"

Kisha akacheka, nasi tukacheka, kicheko cha aina ile inayouma mbavu na kutoa machozi. Rafiki yangu alicheka zaidi ya wote, akirusha vifungo vyeusi hewani kama mchele wa harusi, na tukaviokota baadaye ndani ya majora ya buluu na maruni. Lakini fundi hakukubali kuondoka kabla hatujamwambia, mmoja mmoja, kwamba tungemtafuta. Mama viatu alimwambia mara mbili. Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Alitununulia mahindi ya kuchoma pale kwenye kona, yenye ndimu na pilipili, na alitembea katikati yetu. Wikendi iliyofuata alipiga simu kutoka Olkaria kuuliza tunacheza saa ngapi, na kama anaweza kuja na mwenzake wa zamu, aone kama ataendelea kujigamba.

Niliandika vile ilivyokuwa, pamoja na kitanda na mahindi.

Kampuni ya watu wawili imegawanyika katikati. Mmoja alisoma ripoti na sheria mpya, akasema hajawahi kusoma kitu kilichomtisha hivyo, na akampigia simu dada yake ambaye hawakuwa wameongea naye kwa muda. Mwingine alisema kitu hicho kinafanya kazi Kenya tu, mahali ambapo mtu akifa watu wanakaa kamati bila kuambiwa, na kwamba mahali pengine meza itakuwa inaulizana mwenyekiti ni wa nini. Wakakubaliana kuupeleka mchezo kwa meza ya watu wanne wa huko kwao ambao hawajawahi kusikia habari ya kamati ya mazishi. Ripoti ya meza hiyo ndiyo itakayoamua. Tawi la Naivasha limewekewa msimamizi wa muda.

Tunajua kwamba meza ile imeshacheza, kwa sababu mchezaji wake mmoja alimwandikia rafiki yangu ujumbe. Hakusema kama waliogopa au hawakuogopa. Alitaka kujua sheria moja tu, kwa kuwa haikuandikwa: kifungo cheupe kikimwangukia katibu, yule anayeita mahudhurio, wenzake watajuaje kwamba hakuja?

Tumeijadili Jumapili mbili. Mama viatu anasema mwenyekiti ataona. Fundi anasema hapana, hakuna atakayeona, na hataki kusikia zaidi. Ba anasema aulizwe katibu. Rafiki yangu hajamjibu yule mtu, na ripoti haijafika.